Maua ya mzee niachieni mimi

Vuteni kiti, maana leo nataka kujianika mwenyewe hadharani. Wiki zote nawasema wengine: makonda, wapangaji wenzangu, washikaji wasiolipa madeni. Leo ni zamu yangu.

Na mada ya leo ni maua. Tafadhali usigeuze ukurasa! Najua kijana wa mjini akisikia maua anawaza Valentine na hela zake kuteketea kwa siku moja. Haya si maua hayo. Haya ni maua ya mtu mvivu, mtu anayesafiri, mtu anayesahau. Kwa kifupi, ni maua ya mtu kama mimi. Lakini ili uelewe yamenifikaje, inabidi nianze na aibu yangu.

Kwetu ni Old Moshi. Kwa wasiojua, hiyo Old Moshi ndiyo Moshi yenyewe. Wajerumani walipojenga boma lao walijenga huko juu mlimani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika huku bondeni mwaka 1911, mji nao ukateremka kuifuata, na kule juu kukabaki jina la ukongwe. Huko huko, mahali panapoitwa Tsudunyi, ndiko walikomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Ukiwa na mgeni unamwonyesha mti, mgeni anapiga picha, mnarudi kunywa mbege.

Sasa, mimi naishi mjini Moshi, chumba kimoja Majengo. Bibi yangu anaishi huko juu, kwenye kihamba cha ukoo, na katikati ya migomba na kahawa ndipo alipolala baba yangu. Kaburi lake limewekwa vigae vizuri tu, dada yangu mkubwa aliyeko Dar aligharamia. Kando ya vigae tuliacha ukanda wa udongo wa kupanda maua. Na hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Krismasi iliyopita, kama mnavyojua Wachagga, tulikuwa tumejaa nyumbani utadhani kuna mkutano wa hadhara. Dada akanunua mawaridi na maua mengine ya rangi rangi kule mjini, tukapanda ukanda wote. Kaburi likapendeza. Swali likaja: nani atamwagilia? Wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Huyu anarudi Dar, yule Arusha, yule Mwanza.

Mimi hapo nimeshika glasi, nimeshiba ndizi na nyama, nikasimama: "Maua ya mzee niachieni mimi. Kila Jumamosi nitapanda huku." Watu wakapiga makofi. Baba mdogo akasema kweli mtoto amekua. Bibi alinitazama tu akatabasamu.

Wapenzi wasomaji, kutoka mjini hadi kwa bibi ni haisi moja, haifiki hata saa nzima. Unajua kuanzia Januari hadi Juni nilipanda mara ngapi? Mara tatu. Na moja kati ya hizo nilikuwa nimefuata ndizi.

Sababu zilikuwepo, tena nyingi. Jumamosi hii kuna mechi ya Simba. Jumamosi ile kuna harusi ya mshikaji. Nyingine mhariri anadai makala. Nyingine sina sababu yoyote, nimelala tu.

Kumbe maua hayakufa. Bibi yangu, mama mwenye miaka 78, ndiye aliyekuwa anayamwagilia. Masika mvua ilimsaidia, lakini ilipofika Julai, ule msimu wa baridi kavu ambapo mlima unajifunika mawingu lakini tone halidondoki, akawa anateremka mwenyewe hadi kwenye mfongo na kidumu chake cha lita tano. Mfongo ni ule mfereji wa asili ambao wazee wetu walichimba kuyaleta maji ya mlima mashambani. Ni mzuri kuutazama, ila kingo zake zinateleza kama sabuni.

Siku moja asubuhi simu ikaita. Baba mdogo. Hakusalimia. Akasema, "Bibi yako ameanguka mfongoni. Mkono umevunjika. Alikuwa anachota maji ya yale maua yako."

Maua yako. Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima.

Nilipofika nilimkuta amekaa kibarazani, mkono umefungwa hogo, jeupe kama chaki. Nikasema shikamoo bibi. Akaitikia marahaba mjukuu wangu, kama hakuna kilichotokea, akaniuliza kama nimekula. Bora angenitukana. Dada naye hakuniacha hivi hivi, alipiga simu kutoka Dar akanimwagia maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapisha.

Baba mdogo akaniita pembeni. Akaniambia, "Nenda pale mpakani ukakate sale."

Kwa wasio wa kwetu: sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani ambao Wachagga wanaupanda kwenye mipaka ya vihamba. Lakini kazi yake haiishii mpakani. Ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea jani la sale kuomba msamaha, na kwa mila yetu mtu akishaletewa sale ni vigumu sana kukataa. Mimi mtoto wa Majengo, mpenzi wa Bongo Fleva, nilijiona kichekesho nikipita uani na jani mkononi. Lakini nilipopiga goti mbele ya bibi na kumpa, kichekesho kikaisha. Akalipokea kwa mkono wake mzima. Akasema, "Aika." Basi. Hakuongeza neno.

Msamaha nikapata. Lakini maua bado yanataka maji na bibi bado ni yule yule, na mimi, tuseme ukweli, bado ni mimi yule yule. Nikirudi mjini nitaahidi tena na nitasahau tena. Nikajiambia, hapa dawa si kubadilisha mtu, dawa ni kubadilisha maua.

Ndipo nikakumbuka kopo la mama jirani.

Pale ninapopanga kuna mama mmoja anauza chapati. Juu ya ukuta wa bafu letu la pamoja ana kopo kuukuu la rangi, limejaa mmea wa ajabu ajabu: vijani vidogo vinene kama punje za maharage, vimejipanga kwenye mashina yanayoning'inia hadi chini. Sijawahi kumwona anaumwagilia. Nikamuuliza. Akacheka: "Huo? Nilikwenda msibani Singida nikakaa miezi miwili. Nimerudi nimeukuta umenona kuliko mimi."

Nikaomba kitawi. Akanipa vitano, bure, na onyo juu: "Usiubembeleze."

Nikaanza kuchimba habari zake. Kumbe mmea huu ni wa kundi linaloitwa kitaalamu Sedum, tuseme sedamu, na huo wa kopo kwao ni Meksiko. Wenzetu wameubatiza mkia wa punda kwa jinsi unavyoning'inia. Sedamu zina ndugu wengi, na ukoo wao, Krasulasea, una aina zaidi ya 1,000 duniani. Kalankoe ni wa ukoo huo, yule mwenye maua ya njano, mekundu au ya rangi ya chungwa ambaye mnamwona kwenye vyungu vya mapokezi ya hoteli. Yule ambaye pembezoni mwa jani lake huota vitoto vidogo, vikadondoka na kuanza maisha yao, naye ni wa ukoo huo huo, na asili yake ni Madagaska.

Na msidhani ni wageni watupu. Kilimanjaro yetu ina sedamu yake ya asili. Huota kwenye mawe na hata juu ya mashina ya miti huko msituni juu, na jina lake la kitaalamu ni Sedum meyeri-johannis. Umeona hilo Meyer? Ni yule yule Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Mmea umekaa mlimani tangu enzi na enzi, kaja mgeni, jina kapewa yeye! Lakini usije ukasema unakwenda kuung'oa ukapande kwenu. Huko juu ni Hifadhi ya Taifa, na mali ya hifadhi haiguswi. Tafuta vya bustanini, viko tele.

Sasa siri yao ni nini? Hapa nisikilizeni vizuri, maana nilimaliza shule na biolojia yangu ya kubahatisha, lakini hii niliielewa.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa ya kutengenezea chakula. Tatizo ni kwamba vitundu vikifunguka juani, maji nayo yanatoroka. Ni kama kuacha mlango wazi sokoni: hewa inaingia, mali inatoka. Sedamu na nduguze ni wajanja. Mchana wanafunga mlango. Usiku, jua limezama na kuna ubaridi, wanafungua, wanavuta hewa, wanaihifadhi ndani ya jani kama tindikali. Asubuhi mlango unafungwa, na jua likiwaka wanaitumia ile akiba kupika chakula. Maji hayapotei ovyo. Na jani lenyewe ni nene kwa sababu ni tangi.

Habari hii ina uzee wake. Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya bwana mmoja, Benjamin Heyne, aliyekuwa India. Alieleza kwamba jani la ile kalankoe ya vitoto likionjwa asubuhi ni chachu, mchana halina ladha, na jioni linageuka uchunguchungu. Watu hawakujua maana yake wakati huo. Leo tunajua: asubuhi anaonja akiba ya usiku, jioni akiba imekwisha. Wanasayansi wameupa ujanja huu wote jina la ukoo wenyewe wa Krasulasea, ingawa mkonge na nanasi navyo vinautumia. Sasa unaelewa kwa nini mkonge unastawi kwenye nchi kavu ambako mahindi yanalia. (Wewe usionje jani lolote, nitakueleza sababu.)

Wenzetu wameugeuza ujanja huu kuwa mali. Ujerumani wanapanda sedamu juu ya mapaa ya nyumba, kwenye udongo mwembamba tu. Kule Dearborn, Michigan, kiwanda cha magari cha Ford kilifunika paa lake kwa sedamu mwaka 2003, zaidi ya ekari 10! Ekari kumi za maua juu ya paa, na hakuna bibi anayepanda na kidumu.

Basi nikajifanya mtaalamu. Agosti nikapanda kwa bibi na mfuko wa vitawi: mkia wa punda, kalankoe wa maua, na sedamu nyingine fupi inayotambaa ambayo niliinunua kwa kijana anayeuza miche barabarani. Nikang'oa yale maua yaliyochoka, nikapanda palepale kwenye udongo wetu mwekundu wa mlimani. Kisha, kwa sababu roho ilikuwa inanisuta, nikahamia kwa bibi wiki nzima, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Nilikuwa kama namwagilia dhambi zangu.

Baada ya wiki mbili nusu ya vitawi vilikuwa uji. Majani yamekuwa ya njano, laini, ukigusa yanapasuka maji. Nilikuwa nimeua kwa wema.

Mama wa chapati nilipomsimulia alicheka mpaka akaunguza chapati. "Si nilikwambia usiubembeleze?"

Ya pili ikafaulu. Naomba niwape utaratibu nilioufuata, kwa yeyote mwenye kibaraza, dirisha, kaburi la kutunza, au hata kopo tu la rangi.

Kwanza, udongo. Udongo wetu wa mlimani ni mtamu kwa migomba lakini unashika maji kama sponji. Niliuchimba ule ukanda, nikachanganya udongo kidogo na mchanga wa mto pamoja na changarawe ndogo, mchanga na changarawe vikizidi udongo. Halafu nikauinua kidogo juu ya ardhi, kama tuta, ili mvua ya masika ishuke ipite zake. Kumbuka kwamba huku kwetu adui wa mimea hii si kiangazi. Adui ni masika.

Pili, chombo. Ukipanda kwenye kopo, ndoo iliyopasuka au chupa ya plastiki iliyokatwa, toboa matundu chini. Sio tundu moja la msumari, toboa manne matano. Chombo kisicho na tundu ni jeneza.

Tatu, kupanda. Kata kitawi chenye urefu wa kidole. Usikipande siku hiyo hiyo! Kiweke kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda cha pale ulipokata kikauke. Ukikipanda kibichi kinaoza. Kikishakauka, kichomeke, kiache siku kadhaa, ndipo umpe maji kidogo. Na majani yanayodondoka usitupe. Yalaze juu ya mchanga, mengi yataota mizizi na mche mpya. Kitawi kimoja cha leo mwakani ni bustani.

Nne, maji. Kiangazi, mara moja kwa wiki mbili inatosha kwa vile vya kwenye makopo, na vya ardhini vikishashika mizizi vinaweza kukaa zaidi. Masika usimwagilie kabisa. Kama huna uhakika, tazama jani. Likiwa na makunyanzi kama uso wa mzee, lina kiu. Likiwa la njano na laini, limelewa, liache. Na makunyanzi ni afadhali, kwa sababu ukimpa maji anarudi. Aliyeoza harudi.

Tano, jua. Jua la asubuhi ni zuri sana. Ukipanda chini ya migomba penye kivuli kizito, mashina yanarefuka yanatafuta mwanga, majani yanaachana, mmea unakuwa mwembamba mweupe kama mwanafunzi wa bweni.

Sita, na hii si mzaha: mbuzi. Binamu yangu alikata kalankoe zilizozidi akataka kuzitupa bandani kwa mbuzi wa bibi. Bibi, pamoja na hogo lake, aliruka kibarazani akapiga kelele, "Acha! Hayo yanaua!" Nikadhani ni mambo ya kizee. Nilipofuatilia nikakuta bibi yuko sahihi kabisa. Kalankoe zina sumu inayoshambulia moyo, na zimeshaua ng'ombe na mbuzi katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo kwa sisi tunaofugia bandani na kukata majani, mabaki ya kalankoe yafukieni, na watoto wadogo waambiwe si chakula. Ndiyo maana nikasema usionje.

Basi. Ikafika Novemba, ukanda umejaa. Sedamu inayotambaa imefunika udongo wote, magugu hata pa kuota hayana. Mkia wa punda unateremka kando ya vigae. Kalankoe zimetoa maua ya rangi ya chungwa. Nikapiga picha nikamtumia dada. Akajibu, "Haya, safi." Kwa dada yangu hilo ni kama nishani.

Nikamwita bibi. Hogo lilikuwa limeshatolewa, mkono bado hauna nguvu sana. Akasimama mbele ya kaburi la mwanawe akatazama kwa muda.

"Ni mazuri," akasema. "Hayataki maji?"

"Hayataki, bibi. Labda mara moja moja."

"Hayataki palizi?"

"Kidogo sana."

"Kwa hiyo hayataki mtu."

Nikacheka, nikidhani ananisifia. "Ndiyo bibi! Hayataki mtu kabisa. Wewe pumzika sasa."

Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu tu, bila hasira: "Mimi nilikuwa nikija hapa na kidumu changu kila asubuhi, nikimwagilia naongea na baba yako. Namweleza nani kaolewa, nani mgonjwa, kahawa imezaaje. Sasa nitakuja kufanya nini, kusimama tu? Na wewe je? Si umeshapata ua lisilokuhitaji."

Wapenzi wasomaji, mimi ni mtu wa maneno, maneno ndiyo ugali wangu. Siku ile sikuwa na hata moja.

Unajua, mimi miezi yote nilikuwa nahesabu lita za maji. Nilikuwa natafuta njia ya kumpunguzia bibi kazi, na njia ya kujipunguzia mimi lawama, nikaona vyote viwili vinatibiwa na kopo moja la sedamu. Sikuwa nimemuuliza hata siku moja kwa nini alikuwa anateremka mfongoni wakati angeweza kuyaacha maua yafe, akampigia simu dada akanisema. Hakuwahi kunisema kwa mtu. Na yale maua hayakuwa yangu kamwe. Yalikuwa yake yeye na mwanawe.

Nilirudi mjini na haisi ya jioni, nikakaa dirishani bila kuongea hata na konda.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena. Nilikuwa na ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, na mche mmoja wa waridi jekundu. Upande wa kichwa cha kaburi niliondoa sedamu kipande cha kama nusu mita, nikarudisha udongo wetu mwekundu na samadi, nikapanda waridi. Ndoo nikaiweka hapo hapo, hatua mbili tu, nikaijaza maji kwa kuteremka mfongoni mwenyewe mara sita. Kiuno kilinijibu. Juu ya mfuniko nikaweka kikombe cha bati.

Nikamwambia bibi: "Huu mmoja unataka maji. Kikombe kimoja asubuhi. Usiteremke mfongoni, maji yako hapa. Yakiisha Jumamosi nitajaza."

Akatazama ndoo, akatazama waridi, akanitazama mimi. "Na Jumamosi usipokuja?"

"Waridi litakufa, bibi. Na utamwambia baba."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika ule mkono.

Hii ni wiki ya tano sasa. Jumamosi zote tano nimepanda, moja yake kulikuwa na mechi na mimi nikaisikiliza redioni nikiwa nachota maji. Sijifagilii, wiki tano si miaka mitano, na nyie ndio mashahidi wangu, ndiyo maana nimeandika gazetini. Safari hii sikusimama na glasi mbele ya ukoo. Nimesema mbele yenu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama una kibaraza na huna muda, panda sedamu, panda kalankoe, panda hata mkia wa punda bafuni, havitakusumbua na mtaa utakusifia. Kama una kaburi la mpendwa wako mbali na hufiki mara kwa mara, panda vivyo hivyo, halitaonekana limetupwa. Lakini acha kipande kidogo cha kitu kinachotaka maji. Na kama kuna bibi hapo, muulize kwanza yeye anataka nini, kabla hujabeba mchanga.

Krismasi inakuja, tutajazana tena huko juu. Najua swali litaulizwa, nani atatunza maua. Safari hii nitaacha bibi ajibu.

Kuna msomaji ameuliza kama naweza kumgawia vitawi. Ninavyo, ila usije Jumamosi. Jumamosi sipatikani.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.